Kifungu cha Tisa Nilichokiruka

Nilikuwa karani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo nilichapa ugomvi wa watu wengine. Nilichapa ndugu waliogombania shamba la tangawizi, marafiki waliofungua duka pamoja wakaishia kurushiana mawe, wajane waliotolewa kwenye nyumba walizozipiga plasta kwa mikono yao wenyewe. Karibu kila jalada lilikuwa na sentensi ile ile: "Tulikubaliana kwa mdomo." Nilikuwa naichapa huku nikimdharau kidogo aliyeisema. Nilijiambia kwamba mimi siku yakinifika yatanikuta na karatasi.

Kwa hiyo nilipostaafu, nikaamua kununua nyumba chakavu, kuzikarabati na kuziuza, nilianza na karatasi kabla ya tofali.

Hapa Same nyumba za namna hiyo zipo nyingi. Ziko nyuma ya soko na upande wa reli, zilizojengwa na wazee waliokwisha kufariki, na watoto wao wako Dar es Salaam au Arusha na hawana nia ya kurudi. Kuta ni za tofali mbichi, bati limeshika kutu, choo kiko nje. Wakati huohuo watumishi wanahamishiwa hapa kila mwaka, wanatafuta pa kukaa, na wengine wanaupenda mji wakataka kununua. Kati ya watu hao wawili, yule asiyetaka kurudi na yule anayetaka kukaa, niliona nafasi yangu. Nilichokosa ni fundi.

Fundi niliyemchagua alitoka Shighatini, Ugweno, upande wa Pare Kaskazini. Nilimfahamu kwa sababu ndiye aliyenijengea choo cha ndani na ukuta wa uani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana, na jioni aliosha mwiko wake kabla ya kuosha mikono. Akifika kwenye nyumba asiyoijua, hakuanza kwa kupima. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kichwa akiwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua.

Mimi ni mtu wa Pare Kusini na lugha ya nyumbani kwetu ni Chasu. Yeye alikuwa Mgweno, na Kigweno chake sikukielewa hata kidogo. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Wakati ule sikulitilia maanani jambo hili, lakini baadaye nimelifikiria sana: Kiswahili ndicho kilikuwa njia yetu pekee, na mimi nilikuwa nacho kingi kuliko yeye. Hasa kile cha karatasi.

Mkataba niliuandika mwenyewe, sikuona sababu ya kumtafuta wakili. Ulikuwa na vifungu kumi na viwili. Mimi niliitwa Mshirika wa Kwanza na yeye Mshirika wa Pili. Mimi ningenunua nyumba na vifaa, yeye angeleta ufundi na vibarua wake. Nyumba ikiuzwa, gharama zangu zirudi kwanza, kisha kinachobaki tugawane nusu kwa nusu. Hakuna ambaye angeuza bila saini ya mwenzake. Hayo yalikuwa ya haki, na hata leo nikiyasoma naona ni ya haki.

Kifungu cha saba kilisema kila nyumba iwe imekamilika ndani ya miezi minne, na ikizidi hapo, nusu ya fundi ishuke iwe theluthi. Kifungu cha tisa kilisema ajali yoyote na madhara yoyote yatakayotokea kwenye eneo la kazi yatakuwa juu ya Mshirika wa Pili, "yeye mwenyewe, mali yake na warithi wake." Maneno hayo sikuyatunga. Niliyatoa kwenye mkataba wa kampuni moja kubwa uliowahi kupita mezani kwangu, nikayapenda kwa jinsi yalivyokuwa mazito mdomoni.

Alikuja kusaini siku ya Jumamosi asubuhi, amevaa shati lake la kanisani. Tulikaa barazani kwangu. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, na mimi nikajifanya nashughulika na chai. Alipofika cha saba akasimama.

"Mama, nyumba ya zamani huwezi kuipangia tarehe. Mpaka uifungue ndipo ujue inaumwa wapi."

"Ndiyo maana nimeweka miezi minne, fundi. Wengine wangeweka mitatu."

Akacheka kidogo, akaendelea. Kwenye cha tisa kidole kilikaa muda mrefu zaidi.

"Na hiki?"

"Hicho ni cha kawaida. Mikataba yote inacho."

"Cha kawaida," alirudia, kama anayejifunza neno. Akasaini jina lake taratibu, herufi zikiwa zimesimama wima. Alasiri tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akagonga muhuri.

Nyumba mbili za kwanza zilikwenda vizuri, tena zilinipa kiburi. Tulizimaliza kabla ya miezi minne na zikapata watu haraka. Fundi aliezeka upya kwao Shighatini. Mimi nilibadilisha makochi, na kwenye kikundi chetu cha akina mama nilizungumza sana kuhusu faida ya kuandikishana. Wawili waliniomba niwaandikie mikataba yao, nikawaandikia.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee aliyewahi kufanya kazi reli. Ilikuwa kubwa, imekaa mahali pazuri, mlima unaonekana wote kutoka mlangoni. Fundi aliizunguka mara mbili akigonga, kisha akanipeleka nyuma. Mvua za miaka mingi zilikuwa zikidondoka kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi chini, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeliwa miguuni. Msingi wake ulikuwa mawe yaliyoshikwa na udongo tu. Juu ya ukuta huo huo ndiko kenchi zote za paa zilikuwa zimelala.

"Huu unachimbwa chini yake kipande kimoja kimoja," aliniambia. "Upana wa hatua moja, unamwaga zege, unasubiri likomae, ndipo unahamia hatua nyingine. Wakati wote umeuegemeza kwa nguzo za mirunda. Ukikimbilia, ukuta unalala."

Nilimwelewa. Naandika hili kwa sababu baadaye nilijaribu kujiaminisha kwamba sikuelewa.

Alianza kazi vyema. Mwezi wa tatu wa kazi haujaisha, mama yake akafariki. Akapanda Ugweno kuzika. Kwa desturi za kwao na kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa, alikaa huko wiki mbili na siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amenyoa nywele na amekonda. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kumpata mnunuzi, ofisa mmoja aliyetaka kuhamishia familia yake kabla ya masika. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba ikishindikana ana nyumba nyingine anayoiangalia.

Fundi alikuja kwangu siku ya pili baada ya kurudi. Hakukaa.

"Mama, naomba uniongezee wiki tatu. Ule ukuta wa nyuma bado hatua tano."

"Tuliandika, fundi."

"Ni kweli tuliandika. Ila mama yangu hatukumwandika."

Nilikuwa na kisu mkononi, nakata mchicha, na niliendelea kukata. Alisubiri kidogo, akaniaga kwa heshima, akaondoka. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilitaka kumkubalia, kwamba nilikuwa nasubiri tu nizungumze na mnunuzi. Huenda. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba zilipita siku tisa, nyumba ile iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na sikwenda kumpa jibu. Naye akauchukua ukimya wangu kuwa ndio jibu.

Siku ajali ilipotokea nilikuwa sokoni, nachagua kitambaa cha mapazia. Nilitaka madirisha ya nyumba ile yavae vizuri siku ya kukabidhi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na asubuhi hiyo jua lilikuwa kali. Simu ikaita. Alikuwa jirani wa nyumba ile, mama mmoja muuza mkaa.

"Mama, njoo. Ukuta umelala."

Nikamuuliza, "Ukuta upi?"

Niliuliza ukuta kwanza. Sikuuliza watu. Yule mama akakata simu.

Nilipofika, watu walikuwa wamekwisha kumtoa fundi chini ya tofali na kumlaza kwenye kivuli cha bati lililobaki. Vibarua wake wawili walikuwa mbele ya nyumba ukuta ulipoanguka na hawakupata hata mkwaruzo. Walinionyesha kilichofanyika bila mimi kuuliza. Ili afidie siku, fundi alikuwa amechimba hatua tatu kwa pamoja. Mirunda ya hatua ya kwanza ilikuwa imeng'olewa zege likiwa bado bichi, ikapelekwa kwenye ya tatu, kwa sababu haikutosha. Alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo ukuta ulipomjia mgongoni.

Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chokaa, kope na nyusi vyote vyeupe. Aliniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema.

"Miguu yangu wameiweka wapi?"

Miguu ilikuwa pale pale, imenyooka, viatu vikiwa bado mguuni. Mtu mmoja aliyekuwa amekishika kiatu chake cha kushoto alikiachia taratibu akatazama pembeni.

Walimbeba juu ya ubao wa mlango waliouchomoa kwenye chumba cha mbele, mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupiga randa wiki iliyotangulia. Hospitali ya wilaya walimpa dawa ya maumivu na kumwandikia rufaa kwenda Moshi. Huko daktari kijana, mpole sana, alituambia mimi na mkewe tukiwa tumesimama kwenye ujia kwamba uti wa mgongo ulikuwa umekatika na miguu haitarudi. Alilisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeitikia.

Kaka yangu ni mwalimu, na ndiye mtu ninayemsikiliza kwenye mambo ya akili. Alikuja kunipa pole, akaomba kuuona mkataba. Aliusoma amesimama dirishani.

"Umejilinda vizuri, dada," akasema. "Kifungu cha tisa kinakutosha. Hata wakienda mahakamani hawana kitu."

Alisema kwa kunisifu. Nami, nasema ukweli, nilipata nafuu. Mabega yangu yalishuka. Niliwahi kuona watu wakishusha mabega namna ile kizimbani hukumu ikisomwa kwa upande wao, na mara nyingi mwenye kushindwa alikuwa amesimama pale pale karibu, anawaangalia.

Wiki ya tatu mke wa fundi alikuja kwangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, na kabla ya hapo tulikuwa tumeonana mara chache tu. Siku zote aliniamkia kwa kupiga goti kidogo. Siku hiyo alisimama wima mlangoni akasema, "Habari za hapa." Nilimkaribisha chai na makande. Aliomba maji ya kunywa tu.

"Nimekuja unisomee ile karatasi yenu," alisema.

"Hukuiona nakala yake?"

"Iko sandukuni, na kusoma najua. Lakini wewe ndiye uliyeiandika. Nataka niisikie kwa mdomo wako."

Nikaichukua, nikavaa miwani, nikaanza. Nilisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu, sauti yangu ikiwa ile ya mahakamani. Kwenye cha saba nilimwona akiinua macho. Nikasoma cha nane. Kisha nikasoma cha kumi, nikakiita cha tisa. Cha kumi na moja nikakiita cha kumi. Cha mwisho nikakiita cha kumi na moja. Nikaikunja karatasi.

Sikuwa nimepanga kukitumia kile kifungu. Nadhani nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitakitumia. Nilichokuwa sitaki ni huyu mwanamke ajue kwamba niliwahi kukiandika.

"Ndiyo yote?" aliuliza.

"Ndiyo yote."

"Kwa hiyo mtu akiumia, karatasi haisemi kitu?"

"Haisemi."

Alimaliza maji yake, akaiweka glasi katikati ya meza, mbali na ukingo, kwa uangalifu. "Basi tutasema wenyewe," akasema, akaondoka kuwahi gari la Mwanga, njia ya kwao.

Baada ya miezi miwili hospitali ilimruhusu fundi arudi nyumbani. Niliogopa kwenda. Nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa imesimama nusu, imefunikwa turubai kwa nyuma, na bila saini yake nisingeweza kufanya lolote. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Kutoka Mwanga barabara inapanda kwa kuzunguka, joto la tambarare linabaki chini, na ukifika Shighatini unatafuta sweta. Nyumba yao ilikuwa chini ya barabara, kwenye mteremko mkali. Ili kuifikia unashuka ngazi za udongo zilizokatwa kwa jembe kati ya migomba na mibuni michache. Nilizihesabu nikishuka, zilikuwa arobaini na kitu. Nikaelewa kwamba mtu huyu hatatoka tena humu ila kwa kubebwa mgongoni.

Walikuwa wamemlaza karibu na dirisha. Mikono yake ilikuwa bado mipana lakini mabega yameingia ndani. Chumba kilinuka dawa, na chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine, ya nyama isiyopona. Hakuna aliyeitaja.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, fundi. Pole."

"Nimeshapoa." Akanigeuzia uso. "Ulimsomea mke wangu vifungu kumi na kimoja."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi. Hakuondoka.

"Viko kumi na viwili," fundi aliendelea. "Mimi nilivisoma kwa kidole, kimoja kimoja. Navikumbuka vyote."

Nilitaka kusema nilisahau. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mkewe aliweka beseni chini, akaniambia, "Yeye ameshaniambia. Sasa niambie wewe."

Sikuwa na karatasi mkononi na sikuihitaji. Nilikisema kifungu cha tisa chote, neno kwa neno, nikitazama sakafu. Nilipofika "warithi wake" alinikatiza.

"Warithi ni akina nani?"

"Ni wewe. Na watoto."

"Kwa hiyo ule ukuta ungetuangukia na sisi."

Hakuwa ameuliza swali.

Fundi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliniambia, "Toa kalamu." Nikadhani anataka kusaini ili tumalizane. Akasema, "Andika mkataba mwingine. Safari hii mimi naongea, wewe unaandika."

Niliandika kwenye daftari la shule walilonipa, nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Alisema polepole na alichagua maneno. Kwanza, kifungu cha saba na cha tisa vya zamani vimekufa. Pili, nyumba itamaliziwa na fundi wa Msangeni, kijiji jirani, aliyejifunza naye kazi ujanani, na asiwekewe tarehe. Tatu, nusu yake ibaki nusu, iende kwa mkewe. Nilikuwa naandika haraka, nikiona aibu kwa jinsi yalivyokuwa machache aliyoyataka.

"Nne," akasema. "Andika kwamba niliomba wiki tatu na sikujibiwa."

Kalamu ilisimama. Ukarani wangu ulinitoka mdomoni kabla sijauzuia. "Hicho si kifungu, fundi. Hayo ni maelezo."

"Andika."

Nikaandika. *Mshirika wa Pili aliomba wiki tatu, na Mshirika wa Kwanza hakumjibu.* Nilikuwa nimewachapia maungamo watu wengi, wezi, wapigaji, mume aliyemchoma mkewe kisu. Sikujua kwamba kuandika la kwako mkono unakuwa mzito namna ile.

"Tano. Andika kwamba mimi nilichimba hatua tatu kwa mara moja, na nilijua haifai."

"Hilo si lazima," nilisema.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi liandike. Sitaki iseme uongo upande wowote."

Mzee wa kanisa, jirani yao, aliitwa kuwa shahidi. Aliusoma wote, akanitazama juu ya miwani yake muda mrefu, kisha akasaini. Fundi alisaini kwa herufi zake za kusimama. Mimi nilisaini mwisho. Daftari lilibaki kwao. Mimi niliondoka na nakala niliyoinakili pale pale.

Fundi wa Msangeni alikuwa mtu wa maneno machache. Alibomoa kilichobaki cha ukuta wa nyuma na kuuanza upya, hatua moja moja, na kila zege alilisubiri. Sikumuuliza siku. Yule ofisa alikuwa amekwisha kununua kwingine. Baada ya masika nyumba ilichukuliwa na muuguzi mmoja kwa bei ya chini kuliko tuliyoitazamia. Nilipanda tena Shighatini na nusu yao. Mkewe aliipokea, akasaini, akaenda nayo chumba cha ndani.

Fundi alikuwa na homa. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimefika mbali na muuguzi wa zahanati alikuwa akija kila siku ya pili kuvisafisha. Kuhusu mauzo hakuuliza chochote.

"Ule ukuta," alisema, "aliuchimbaje?"

"Kipande kimoja kimoja. Alisubiri."

"Alitia nondo kwenye zege la lenta?"

"Nondo nne."

"Nne," alisema, na nikaona ameridhika, na kuridhika kwake kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Alifariki wakati wa baridi, ukungu ukiwa haunyanyuki mpaka saa sita mchana. Ngazi za udongo zilikuwa zinateleza, kwa hiyo kaburi lilichimbwa upande wa juu, karibu na mama yake. Nilisimama nyuma kabisa. Wasifu wa marehemu ulisema alizaliwa, alisoma mpaka darasa la saba, alibatizwa na kupata kipaimara, alijifunza uashi, na kwamba alipata ajali akiwa kazini. Sentensi hiyo ilisomwa na kupita, tukaimba. Nilitamani mtu asimame aongeze. Mimi nilikuwa na mdomo na sikusimama.

Baada ya watu kula, mkewe alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa na khanga ya msiba mabegani na anapumua kwa nguvu kwa sababu ya mlima.

"Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anataka ile karatasi ya kwenye daftari," alisema. "Anasema ukiwa umeandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba hukumjibu, mahakama haitakuacha."

"Anasema kweli."

"Nimemwambia sijaamua."

"Ukiipeleka," nilimwambia, "nitakubali kwamba ni mwandiko wangu. Sitakana hata neno moja."

"Najua. Ndiyo maana alikuandikisha."

Gari lilikuwa linakuja, tulilisikia kabla ya kuliona kwa sababu ya ukungu. Nilitaka kumshika mkono. Aliificha mikono yake ndani ya khanga.

"Usije tena mpaka nikuite," alisema.

Imepita miaka miwili. Nyumba nyingine sijanunua. Wale akina mama wawili niliowaandikia mikataba niliwaendea, nikawaomba tukae tuisome upya. Mmoja alikubali, mwingine alisema nimechanganyikiwa kwa sababu ya uzee. Kaka yangu haelewi kwa nini nilisaini lile daftari, na nimeacha kumweleza. Mjane wa fundi hajaniita, na mahakama nayo haijaniita. Simu ikiita kwa namba nisiyoijua, naipokea nikiwa nimesimama.